Siku Niliyotembea Nyuma ya Mkwe wa Mtu

Alhamisi, Julai 1975. Kijijini, nyanda za Mbozi. Asubuhi baridi ya kukata masikio na ukungu mpaka mlangoni, mchana jua la uongo, linawaka lakini halipashi.

Nimechoka hadi nywele. Nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa Tumpe, mguu wa kushoto nimeulaza juu ya gunia la mahindi, na moto uko karibu. Mguu umevimba. Sitaki kuutazama, lakini kila nikimaliza sentensi nautazama.

Niseme kwanza kwa nini niko huku, maana tangu nifike nimeulizwa na kila mtu na kila mtu nimempa jibu lake. Balozi wa nyumba kumi nilimwambia natalii. Kina mama wa kisimani niliwaambia nimekuja kuona kahawa yao. Yote ni kweli, lakini siyo yenyewe.

Yenyewe ni hii. Mimi ni bibi shamba kwetu Taita, Kenya. Kazi yangu ni kupanda na kushuka vilima nikikagua mibuni ya watu. Mwaka juzi pikipiki ya ofisi iliniangusha kwenye kona yenye changarawe, mfupa wa paja ukavunjika. Nililala hospitali mpaka nikajua majina ya watoto wa wauguzi wote. Nikatoka kwa magongo. Nikajifunza upya kupanda ngazi, mimi niliyekuwa nikipanda milima huku naongea. Sasa mkubwa wangu wa kazi, mtu mzuri tu, hana ubaya na mtu, amenitafutia nafasi ya kukaa ofisini nigonge mihuri kwenye karatasi za mbegu. "Wewe sasa ni mtu wa kiti," aliniambia, na haki ya Mungu alidhani ananibembeleza. Likizo ikiisha anataka jibu.

Basi nikachukua likizo yote, nikafunga shanta, nikapanda basi baada ya basi mpaka Tunduma, mbali kiasi kwamba hakuna mtu wa nyumbani anayeweza kuniona nikichechemea. Pale Tunduma nililala kwa mama mmoja wa Kitanga anayeuzia madereva wa malori chai na maandazi wakingoja kuvuka kwenda Zambia. Aliposikia ninavyoongea aliniita mtu wa pwani, nikamwacha aamini hivyo, chai ikawa ya bure. Kutoka hapo nimekuwa nikitembea kidogo kidogo. Leo kilima kimoja, kesho viwili. Nikapita Hasamba, nikalala kwa watu wa kanisa, nikaendelea mpaka kijiji hiki. Kote huko mguu ulilalamika lakini haukugoma.

Leo ilikuwa siku ya mtihani. Kwenda kwa miguu mpaka ukingoni, pale nyanda zinapokatika ghafla na bonde la Msangano linabaki chini kabisa, halafu kurudi siku hiyo hiyo bila kubebwa na mtu. Nikiweza, kiti nakikataa. Nisipoweza, nakikalia na nanyamaza.

Hilo tu.

Balozi alikubali kwa sharti moja, nisiende peke yangu. Mgeni mwenye shanta akionekana porini peke yake mgambo watamsimamisha, na atakayeulizwa ni yeye balozi. Wanaume walikuwa zamu ya shamba la kijiji, upande wa pili kabisa. Ikaamuliwa niende na Tumpe, mwenyeji wangu, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda kijitoni kuchimba chikanda. Hivyo ni viazi vidogo vya porini, ukubwa wa kidole gumba, wanavitwanga na karanga na kuvipika mpaka vinaganda na kukatwa vipande kama nyama. Tumpe ni Mndali, umri wangu, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyepasua kuni nyingi, na akicheka anaziba mdomo.

"Mimi njia naijua mpaka kijitoni tu, dada," aliniambia. "Mbele ya hapo tutaulizia."

Nikacheka. Tutamuulizia nani porini? Nilidhani ananitania.

Tulitoka kwa kasi nzuri. Mguu ulikuwa mwepesi, shanta imekaa vizuri mgongoni, na mimi kichwani nilikuwa nimeshafika na nimeshaandika barua ya kukataa kiti. Hata nyumba za mwisho hazijapotea nyuma yetu, Tumpe akanishika mkono akanivuta kichakani, kitenge amejifunika mpaka usoni. Nikajua nyoka. Halafu nikajua chui.

"Nini?"

"Mzee."

Alinionyesha kwa mdomo. Mbele yetu, njiani, mzee mmoja mwembamba mwenye koti kuukuu la jeshi alikuwa anatembea na fimbo yake na debe la asali, taratibu, mtu asiyedaiwa na siku yoyote. Alikuwa baba mkwe wake.

Nikaelezwa palepale kichakani. Kwa Wandali, mwanamke na baba wa mumewe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hapiti mbele yake, hali naye, hakai naye, hata jina lake halitamki, anasema "mzee yule" na kila mtu anaelewa. Wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeingia porini. Na sisi kwetu tuna haya zetu za ukweni, hakuna Mtaita anayekaa na mama mkwe wake wakitafuna miwa, lakini hii ilinizidi.

Zamani haikuwa shida, akasema Tumpe. Mzee alikuwa na boma lake ng'ambo ya kijito, yeye na mumewe walikaa huku karibu na barabara, wakakutana labda kwenye misiba. Halafu mwaka jana watu wote wakahamishiwa kijijini. Wakaja watu wa wilaya na kamba, wakapima nyumba kwa mistari, na mzee yule akapewa nyumba inayotazamana na ya Tumpe, mlango kwa mlango.

"Walipima kila kitu," alisema, "ila hawakuuliza nani mkwe wa nani."

Mumewe alijenga ua wa matete kabla hata ya kuezeka nyumba. Tangu hapo wanaishi kwa kukohoa. Mzee akitaka kutoka anakohoa. Tumpe akitaka kwenda kisimani anakohoa. Asiyejua angedhani kijiji kizima kina kifua.

Sasa mzee alikuwa anakwenda kwenye mizinga yake ya nyuki. Watu walihamishwa, nyuki hawakupewa kiwanja, wamebaki kule porini, na yeye anawafuata.

"Basi tumpite," nikasema.

Tumpe alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni.

Ndivyo nilivyoanza kutembea nyuma ya mkwe wa mtu. Mzee akienda, tunaenda. Mzee akisimama, tunasimama. Na alikuwa anasimama, jamani! Kila mti wenye mzinga alisimama akaweka sikio kwenye shina, akasikiliza, akapiga shina kwa fimbo, akasikiliza tena. Alisimama kunusa ugoro. Alisimama kukojoa, na hapo ikabidi tugeuke sote wawili tutazame tulikotoka.

Nilichemka. Nakiri. Mguu uliovunjika haupendi kusimama. Ukitembea unasahau, ukisimama unakumbuka, na kila kituo paja lilikuwa linakaza kama kamba iliyolowa. Halafu mtihani gani huu? Nimesafiri nchi nzima ya watu ili nijue kama naweza kwenda mwendo wa mtu mzima, nimepangiwa mwendo wa mzee anayesikiliza miti. Nilifikiri kumwacha Tumpe niende zangu. Nikamkumbuka balozi na mgambo wake, nikasaga meno.

Mara moja tulijaribu kumzunguka. Tumpe alijua kinjia kinachopita bondeni. Tukaingia kwenye majani marefu kuliko sisi, yana umande wa kulowesha mpaka chupi, miiba inashika shanta, mimi naburuta mguu na kutukana kwa Kitaita. Tukatokea juu tukihema, washindi. Mzee hakuwa amesimama safari hii, alikuwa ameenda. Tulikuwa nyuma yake zaidi ya mwanzo. Tumpe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Baadaye kidogo nikacheka.

Mara nyingine ni mzee mwenyewe aliyetuonea huruma. Alitoka njiani, akasimama nyuma ya mti ametupa mgongo, akakohoa mara mbili. Hata mimi nilielewa: piteni. Tumpe akagoma.

"Nikipita ataniona mgongo."

"Sasa mgongo una nini?"

"Mgongo ni mtu, dada."

Basi mzee anangoja nyuma ya mti, Tumpe anangoja nyuma ya kichuguu, na mimi katikati nimesimama kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mwishowe mzee akachoka, akarudi njiani, akaendelea mbele.

Hapo ndipo nilipokata tamaa. Siyo na safari, na haraka. Nikasema liwe liwalo, nikaanza kutazama, maana mtu aliyesimamishwa hana kazi nyingine.

Na nikaona. Niliona miyombo yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye kila tawi, na ukungu umeshika kwenye ndevu hizo unadondoka tone tone, kwa hiyo chini ya miti kulikuwa na mvua na nje ya miti hakuna. Niliona kichaka chenye maua makubwa meupe, magumu, yaliyokauka pembeni kama karatasi, na ndege chozi wadogo wa kijani wakipigania ua moja wakati mengine yamejaa tele. Hondohondo alilia mahali halafu akapita juu yetu akipiga mabawa kwa kelele, mzito, hana aibu. Kwenye kivuli cha bonde niliona mmea ambao majani yake yalinisimamisha yenyewe, bila mzee: majani mawili mawili, yanang'aa, kingo zina mawimbi. Jamaa ya mbuni, wa porini, hakupandwa na mtu wala hakukaguliwa na mtu. Niliushika kama ninayesalimiana na shangazi.

Tulipofika kwenye mti ambao mzee ameshauacha, na mimi niliweka sikio kwenye shina. Kulikuwa na mngurumo mdogo wa ndani kwa ndani, kama sufuria la maharage lililofunikwa. Tumpe naye akaweka lake upande wa pili. Tukakaa hivyo tukitazamana, vichwa kwenye mti.

Nimefanya kazi vilimani miaka yangu yote ya kazi na sijawahi kusimama bila sababu. Nilikuwa napanda kukagua, nashuka kuandika. Kilima chenyewe sikuwa nakiona. Nikajisikia vibaya kidogo, halafu njaa ikanishika nikala kiazi.

Jua lilikuwa limeshapita utosi tulipofika kijitoni. Ni mahali pazuri, sitasema uongo. Miti mikubwa imefunga juu, maji yanapita kwenye mawe meusi, na daraja ni ulalo, gogo moja tu limetupwa kutoka ukingo huu hadi ule, limeota kuvu la kijani. Tumpe akatoa kijembe chake kifupi akaanza kuchimba chikanda pembezoni, kwenye majani. Mimi nilikaa nikikanda paja. Mzee alikuwa ameshapanda juu ya gogo.

Nilisikia kelele ya debe kwanza. Halafu maji.

Niliinuka. Gogo halikuwa na mtu. Kofia ilikuwa inakwenda na maji. Mzee alikuwa kati ya mawe, maji yanamfika kifuani, mkono mmoja umeshika mzizi na mguu mmoja umenaswa mahali chini ambapo sipaoni. Hakupiga kelele. Alikuwa anapumua kwa nguvu tu, macho wazi.

"Tumpe! Njoo!"

Tumpe alikuwa amesimama, amegeuka, mgongo kijitoni, kitenge usoni. "Siwezi, dada. Siwezi. Siwezi."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimtukana. Nikatupa shanta, nikateremka kwa makalio mpaka majini, na maji yalivyonigusa nilipiga yowe, yana baridi ya kuuma mifupa, na mfupa wangu mmoja una kumbukumbu. Nikamfikia mzee. Nikamshika kwapani nikavuta. Hakutoka. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili na kila nikivuta alikunja uso. Nikamwachia, nikaingiza mkono chini ya maji mpaka begani, nikasukuma jiwe dogo, likasogea kidogo, mguu ukatoka. Lakini kumtoa mzee majini peke yangu kwenye ukingo ule wa utelezi nisingeweza hata kabla ya pikipiki.

Nikainua kichwa nimwite Tumpe tena, na nikamwona anakuja.

Anakuja kinyumenyume. Ametutupia mgongo, uso umefunikwa, anashuka ukingoni akipapasa kwa visigino, na mkononi ana kitenge chake cha pili amekisokota kuwa kamba. Aliteleza, akakaa, akainuka, akaja. Akafika majini. Akarusha ncha ya kitenge nyuma bila kutazama.

"Mfunge kiunoni!"

Na mzee, mzee ambaye midomo ilikuwa imeshageuka rangi, akainua kola ya koti akajiziba uso. "Mwambie asigeuke," aliniambia.

"Hageuki, baba!"

Nilimfunga. Tumpe akavuta, mgongo kwetu, amejikunja kama anayevuta ng'ombe wa jembe, na mimi chini nikasukuma. Ilibidi nipate mahali pa kukanyaga, na mahali palipokuwepo palikuwa pa mguu wa kushoto. Jiwe moja, refu kidogo. Nikauweka hapo. Nikajua kwamba uzito wa mzee na wangu vyote sasa viko juu ya ule mfupa, na kama una la kusema utasema sasa. Nikasukuma.

Haukusema kitu.

Mzee alitoka majini akalala kifudifudi kwenye majani. Tumpe aliachia kitenge, akakimbia nyuma ya mti, na nikamsikia analia kwa sauti, siyo kwa huzuni, kwa hofu inayotoka. Mimi nilikaa majini kidogo nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu ikabidi kufikiri. Kifundo cha mguu wa mzee kilikuwa kimeteguka, hakikanyagi. Alikuwa anatetemeka. Tumpe akiwa nyuma ya mti wake akasema atakimbia kijijini kuita wanaume, lakini wanaume wako shambani mbali, mpaka wafike jua litakuwa limeshuka. Nikamwambia kimbia. Alichukua shanta yangu, akampita mzee kwa nyuma, akapotea, na nilishangaa, kumbe mwanamke yule alikuwa na mbio hivyo siku nzima.

Tukabaki mimi na mzee. Nilimvua koti nikalikamua, nikampa sweta langu kavu, lililobaki ukingoni. Lilimfika nusu ya tumbo. Yeye akanyoosha kidole ng'ambo ya kijito, kwenye kilima kidogo, ambako kati ya miti palionekana mwanga mweupe, mtupu, usio na kitu nyuma yake.

"Ulikuwa unakwenda kule," alisema. "Ndiyo ukingo. Ukipanda hapo tu umefika. Nenda ukaone, mama. Mimi nakaa."

Nenda ukaone! Niliutazama ule mwanga. Pale tu. Nimetoka Kenya kwa ajili ya pale tu. Na mguu ulikuwa bado na moto, ungepanda, nilikuwa najua kabisa ungepanda. Ningekwenda na kurudi na yeye angekuwa amekaa hapohapo. Nikatazama meno yake yanavyogongana. Mtu wa umri ule, amelowa, kwenye kivuli, na baridi ya Mbozi inaanza saa za jioni kama anayefungua mlango.

Nilikasirika tena, safari hii sijui nimkasirikie nani. Nikamwambia, "Inuka, baba. Shika bega hili."

Tulitembea. Sina namna nyingine ya kueleza. Yeye upande wangu wa kulia, mkono shingoni kwangu, mguu wake mbovu hewani, na upande wa kushoto mguu wangu mbovu ardhini. Kati yetu wawili tulikuwa na miguu miwili mizima. Kila kilima kidogo ambacho asubuhi sikukiona, jioni nilikijua kwa jina. Tulipumzika kwenye mizinga yake yote, na sasa mimi ndiye niliyekuwa naisubiri kwa hamu.

Aliniuliza nani alinivunja mguu. Nikamwambia pikipiki. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama kwetu na sisi tulihamishwa na kupimwa kwa kamba. Nikamwambia hapana, kwetu kila mtu amekaa kwenye kilima chake na anagombana na jirani kwa mbali. Akasema hiyo nzuri. Halafu bila kuulizwa akasema:

"Yule ana nguvu."

"Nani, baba?"

"Huyo aliyenivuta. Mke wa mwanangu." Akapumua. "Sijawahi kuuona uso wake. Siku ya arusi alifunikwa. Lakini kikohozi chake nakijua. Akikohoa asubuhi, najua kwa mwanangu wameamka salama. Siku asipokohoa silali vizuri mchana."

Nilikuwa namwogopa asinione nalia, nikajifanya natafuta mahali pa kukanyaga.

Wanaume walitukuta kwenye nyumba za kwanza za kijiji, wanakuja mbio na machela ya miti. Walitaka kutubeba wote wawili. Mzee akakubali. Mimi nikakataa, na nilikataa kwa ukali mpaka balozi akaniomba radhi. Nikamaliza kipande kilichobaki mwenyewe, nachechemea waziwazi, watoto wananifuata, na sikujali nani anaona.

Sasa niko jikoni. Tumpe amenikanda mguu kwa maji moto na chumvi, na mikono yake haina huruma. Nilimwomba msamaha kwa matusi ya kijitoni. Akaziba mdomo akasema hakuyaelewa, yalikuwa ya Kitaita. Nikamwambia alichosema mzee. Maneno yote, pamoja na ya kikohozi. Aliendelea kukanda, akanikanda mahali pamoja tu, muda mrefu, mpaka nikamwambia basi, ngozi itatoka.

Ninajiuliza nimeshinda au nimeshindwa. Ukingoni sikufika. Nilisema kwenda na kurudi, nimeishia kijitoni. Kama mkubwa wangu angekuwa hapa angenionyesha huu uvimbe na kusema unaona? Lakini nilisema pia bila kubebwa, na sikubebwa, nimebeba. Siwezi kumwekea mtu hesabu hiyo mezani akaielewa. Mimi naielewa. Ila kuielewa si kama kuona, na ule mwanga kati ya miti nikifumba macho bado uko. Siwezi kurudi nyumbani na jibu la nusu.

Nilimwambia Tumpe hivyo, kwa kunung'unika tu. Halafu akasema, akitazama moto, kwamba mzee yule amefungwa mguu na mganga amesema asikanyage mpaka wiki iishe.

"Kwa hiyo kesho hatoki," akasema. "Njia iko wazi."

Nikamwambia lakini wewe njia huijui, mwisho wako kijitoni. Ndipo akaniambia. Tangu aolewe, ng'ambo ya kijito ni upande wa mzee. Boma lake lilikuwa kule, nyuki wake wengi wako kule, mkwe hakanyagi. Anasikia watu wakisema kuna mahali nchi inaisha na unaona Msangano yote chini, mashamba na moshi wa watu, na siku ya hewa safi unaona mbali zaidi ya hapo. Ana watoto watatu. Amekaa mwendo wa nusu siku kutoka pale miaka yote hiyo na hajawahi kupaona.

"Mguu wako utaweza kweli, dada?"

Niliutazama. Umevimba, unang'aa kama mbilingani. Nikamwambia utaweza. Sijui kama ni kweli. Nilitaka kuongeza kwamba labda tungoje keshokutwa, labda tuone asubuhi utaamkaje, lakini Tumpe hakungoja nimalize. Ameshainuka, ameinjika viazi vya njiani, na ameanza kuchagua kitenge cha kuvaa, anakiweka hiki, anakitoa kile, kama anayekwenda arusini.

Hata nikitaka kuogopa sasa, nimechelewa.